Foleni Isiyoonekana: Mfanyabiashara na Mafuriko ya Habari Katika Simu

UTANGULIZI

Biashara haiendi bila habari. Mwenye duka hutaka kujua ni bidhaa gani inayohitajiwa, inapatikana wapi, bei yake ni kiasi gani, na nani yuko tayari kuinunua. Kwa karne nyingi tatizo lake kubwa lilikuwa uchache wa habari hizo. Nahodha wa jahazi aliyetweka tanga kutoka Ghuba kuja pwani ya Afrika Mashariki hakuwa na njia rahisi ya kuzijua bei za Zanzibar kabla ya kutia nanga. Siku hizi mambo yamegeuka. Muuza vitenge wa Kariakoo, jijini Dar es Salaam, akiwasha simu yake asubuhi hukuta picha za mitindo mipya, matangazo ya washindani, mabishano ya makundi, vichekesho, salamu, maswali ya wateja na picha za hati za malipo, vyote vikiwa vimechanganyika. Habari hazimpungukii tena; kinachompungukia ni nafasi ya kuzishughulikia.

Watu wengi hudhani kwamba dawa ya hali hii ni kusoma upesi zaidi, au kukesha na simu mkononi. Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha kwamba dhana hiyo si sahihi. Mafuriko ya habari yana kanuni zake, na sehemu kubwa ya kanuni hizo yaweza kuelezwa kwa hesabu ambayo mwanafunzi wa sekondari anaimudu. Anayezielewa hutambua kwamba kazi yake si kumaliza kila kinachoingia, bali ni kuamua kiingie nini, kishughulikiwe kwa utaratibu gani, na wakati gani.

1. NANI HUPANGA MTIRIRIKO?

Mtandao wa Facebook ulianzishwa Marekani mwaka 2004. Hapo mwanzo, mtu aliyetaka kujua habari za rafiki yake ilimbidi aufungue ukurasa wa rafiki huyo. Septemba 2006 mtandao huo ulianza kuzikusanya habari za marafiki wote na kuzionyesha mahali pamoja, moja chini ya nyingine. Huo ndio unaoitwa katika makala haya mtiririko wa habari. Twitter, ambayo tangu 2023 huitwa X, ilianza pia mwaka 2006, na Instagram ikafuata mwaka 2010.

Katika Twitter na Instagram mtiririko ulifuata saa: kilichochapishwa mwisho kilionekana kwanza. Machapisho yalipozidi kiasi ambacho mtu mmoja anaweza kukiona, utaratibu huo uliachwa. Mwaka 2016 mitandao yote miwili ilianza kuyapanga kwa algoriti, yaani mfuatano wa maagizo ambayo kompyuta huyafuata hatua kwa hatua. Kwa ufupi, kompyuta hukisia uwezekano wa mtu kulipenda chapisho, kulijibu, kulisambaza au kulitazama kwa muda mrefu. Kila uwezekano huzidishwa kwa uzito wake, kisha matokeo hujumlishwa. Chapisho lenye jumla kubwa huwekwa juu.

Ufuatao ni mfano mwepesi, ambao tarakimu zake zimebuniwa kwa ajili ya mafunzo tu. Chukulia kwamba kupenda kuna uzito wa 1 na kujibu kuna uzito wa 5. Kichekesho kina uwezekano wa 0.30 wa kupendwa na 0.10 wa kujibiwa. Tangazo la kiwanda kwamba bei ya vitenge itapanda wiki ijayo lina uwezekano wa 0.05 wa kupendwa na 0.02 wa kujibiwa. Basi:

Kichekesho: (0.30 × 1) + (0.10 × 5) = 0.80
Tangazo la bei: (0.05 × 1) + (0.02 × 5) = 0.15

Kichekesho kitatangulia, na huenda tangazo lisionekane kabisa, ingawa ndilo lenye fedha ndani yake. Kompyuta haikukosea, imejibu swali iliyoulizwa. Swali hilo halikuwa “Ni habari gani itamfaa mfanyabiashara huyu?” bali “Ni habari gani itamfanya aendelee kutazama?” Mitandao hii hupata sehemu kubwa ya mapato yake kutokana na matangazo ya biashara, na kadiri mtu anavyokaa ndivyo anavyoonyeshwa matangazo mengi zaidi.

Aidha, utaratibu wa kupanga waweza kubadilishwa wakati wowote na wenye mtandao. Januari 2018 Facebook ilitangaza kwamba machapisho ya jamaa na marafiki yatapewa kipaumbele kuliko ya kurasa za biashara na vyombo vya habari. Wafanyabiashara waliotegemea mtiririko peke yake wauze bidhaa zao waliguswa na uamuzi ambao hawakuutoa. Somo la kwanza, basi, ni kwamba mtiririko una mpangaji wake, na mpangaji huyo si mwenye duka.

2. HESABU YA FOLENI

Maswali ya wateja ni jambo tofauti. Hayo ni foleni, sawa na watu wanaosubiri kwenye dirisha la benki, isipokuwa foleni hii haionekani kwa macho. Elimu ya foleni ilianzishwa na mwanahisabati wa Denmark, Agner Krarup Erlang (1878–1929), aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen. Mwaka 1909 alichapisha makala yake ya kwanza kuhusu namna simu zinavyoingia bila mpangilio, na mwaka 1917 akatoa kanuni za kukadiria idadi ya njia zinazohitajiwa ili wapigaji wasisubiri mno. Kanuni za jamii hiyo hutumika hadi leo katika mitambo ya mawasiliano.

Chukulia muuza vitenge anayejibu ujumbe mmoja kwa wastani wa dakika 3. Uwezo wake ni jumbe 20 kwa saa. Iwapo jumbe huingia bila mpangilio, na muda wa kujibu hubadilika-badilika kutoka ujumbe mmoja hadi mwingine, muda wa wastani tangu ujumbe kufika hadi kumalizika hupatikana kwa kanuni hii:

M = 60 ÷ (H − F)

M ni muda kwa dakika, H ni idadi ya jumbe zinazoweza kuhudumiwa kwa saa, na F ni idadi ya jumbe zinazofika kwa saa. Kanuni hii hutumika pale tu F inapokuwa ndogo kuliko H. Kwa H = 20, matokeo ni haya:

F = 10: M = dakika 6
F = 15: M = dakika 12
F = 18: M = dakika 30
F = 19: M = dakika 60

F ikifikia 20, foleni haipati utulivu tena. Huendelea kurefuka kadiri saa zinavyopita.

Yafaa tarakimu hizi zitazamwe kwa makini. Kutoka jumbe 10 hadi 15 ni ongezeko la jumbe 5, nao muda umeongezeka kwa dakika 6 tu. Kutoka 18 hadi 19 ni ongezeko la ujumbe mmoja, lakini muda umeongezeka kwa dakika 30. Ndiyo sababu mfanyabiashara aliyekuwa akimudu kazi yake barabara hujikuta ameelemewa ghafla katika juma la kuelekea Idi. Hakuzembea, amekaribia ukingo wa uwezo wake, na kwenye ukingo huo jambo dogo huleta athari kubwa.

Huenda mwanafunzi akauliza: kama uwezo ni 20 na zinazofika ni 18, foleni yatoka wapi? Jibu ni kwamba jumbe haziji kwa zamu. Kuna dakika ambazo hakuna anayeuliza, na dakika ambazo watu sita huuliza kwa pamoja. Dakika iliyopita bila ujumbe haiwezi kuwekwa akiba ili itumike baadaye, lakini jumbe zilizorundikana hubaki zikisubiri. Hasara ya upande mmoja hailipwi na faida ya upande wa pili.

Kanuni nyingine, iliyothibitishwa na Mmarekani John Little mwaka 1961, husema kwamba wastani wa idadi ya walio katika foleni ni sawa na kasi ya kufika ikizidishwa kwa muda wa wastani wa kukaa humo. Jumbe 15 kwa saa, kila mmoja ukikaa dakika 12, yaani saa 0.2, ni jumbe 3 kwa wastani. Jumbe 19 kwa saa, kila mmoja ukikaa saa 1, ni jumbe 19. Katika hizo 19 wamo wateja ambao wamekwisha kwenda duka jingine.

3. UMAKINI NI MALI ADIMU

Mwaka 1971 mtaalamu wa Marekani Herbert Simon, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1978, alieleza kwamba habari zina mlaji na mliwa: habari hula umakini wa anayezipokea. Kwa hiyo, palipo na wingi wa habari lazima patokee uhaba wa umakini, na swali la maana huwa ni namna ya kuugawa umakini huo.

Kugawa huko kuna gharama. Mwaka 1927 mwanasaikolojia Arthur Jersild alilinganisha muda ambao watu walitumia walipofanya kazi ya aina moja mfululizo na muda waliotumia walipobadilisha-badilisha kazi mbili, kama vile kujumlisha na kutoa. Kubadilisha huko kuliwachelewesha. Wahenga walikwisha sema kwamba mshika mbili moja humponyoka. Jersild alipima kwa saa kiasi kinachoponyoka.

Jaribio la darasani. Kila mwanafunzi awe na karatasi, na mwalimu awe na saa ya kuhesabu sekunde. Kwanza, wanafunzi waandike namba 1 hadi 20, kisha herufi A hadi T, na kila mmoja aandike muda alioutumia kwa kazi zote mbili. Pili, waandike namba na herufi kwa kupishana: 1, A, 2, B, 3, C, na kuendelea hadi 20, T. Alama zilizoandikwa ni zile zile 40. Walinganishe muda na idadi ya makosa, kisha watafute wastani wa darasa zima. Kwa kawaida safari ya pili huwa ndefu zaidi, na makosa huongezeka.

Sasa matokeo hayo yaunganishwe na hesabu ya foleni. Chukulia kwamba muuza vitenge, kwa kurukia vichekesho na makundi kati ya mteja na mteja, hupoteza sekunde 20 tu katika kila jibu. Dakika 3 zimekuwa dakika 3 na sekunde 20, na uwezo wake umeshuka kutoka jumbe 20 hadi 18 kwa saa. Zinapofika jumbe 17 kwa saa, muda wa wastani wa mteja haukai tena kwenye dakika 60 ÷ (20 − 17), yaani 20, bali huwa 60 ÷ (18 − 17), yaani 60. Sekunde 20 za mwenye duka zimemgharimu kila mteja dakika 40.

Tena kuna hasara iliyo kubwa kuliko kungoja. Aliyeelemewa hukagua kwa haraka. Wako matapeli wanaotuma picha ya ujumbe wa malipo uliotengenezwa, wakitegemea kwamba muuzaji aliyezongwa na foleni atauachia mzigo bila kuhakikisha. Malipo huthibitishwa kwa kutazama salio au taarifa iliyoingia katika akaunti ya muuzaji mwenyewe, kamwe si kwa picha iliyoletwa na mnunuzi.

4. HATUA NNE ZA KUUTAWALA MTIRIRIKO

(a) Kutenga. Wateja, habari za soko na maisha ya nyumbani ni mambo matatu, na yasikae katika chungu kimoja. Namba ya biashara iwe mbali na ya familia. WhatsApp ya biashara, iliyotolewa mwaka 2018, humwezesha muuzaji kuyapa mazungumzo lebo, kwa mfano “mteja mpya”, “anasubiriwa kulipa” na “mzigo umetumwa”. Kwa upande wa habari za soko, X ina orodha tangu 2009, na Instagram tangu 2022 humruhusu mtu kuchagua kurasa azipendazo na kuzitazama kwa kufuata saa. Orodha fupi ya viwanda, waagizaji na washindani wachache hurudisha kazi ya kupanga mikononi mwa mwenye duka.

(b) Kupunguza. Ukurasa au kundi lipimwe kwa swali moja: katika mwezi uliopita, limebadilisha uamuzi gani wa biashara? Lisilokuwa na jibu linyamazishwe au liachwe. Kadhalika, yapunguzwe maswali yasiyo ya lazima. Wauzaji wengi huonyesha picha ya bidhaa bila bei, wakimtaka mteja aulize faraghani. Chukulia kwamba theluthi moja ya jumbe 18 zinazofika kwa saa ni swali la bei. Bei ikiandikwa chini ya picha, zitabaki jumbe 12, na muda wa wastani utashuka kutoka dakika 30 hadi dakika 7 na nusu. Mstari mmoja wa maandishi umepunguza kungoja kwa robo tatu.

(c) Kupanga. Aliyekwisha lipa atangulie, kisha mwenye malalamiko, kisha mwenye kuuliza, na mwisho salamu na soga. Ndani ya kundi moja, kazi fupi zitangulie zile ndefu. Kwa mfano, jumbe tatu zahitaji dakika 1, 2 na 9. Zikianza fupi, zitakamilika baada ya dakika 1, 3 na 12. Wastani ni dakika 5 na theluthi. Ikianza ndefu, zitakamilika baada ya dakika 9, 11 na 12. Wastani ni dakika 10 na theluthi mbili. Kazi ni ile ile, muuzaji ni yule yule, na kungoja kumekuwa maradufu. Hata hivyo, ujumbe mrefu usiahirishwe siku nzima kwa kuwa fupi hazikomi, upangiwe ukomo.

(d) Kuweka saa. Arifa zote ambazo si za wateja zizimwe. Orodha ya habari za soko isomwe mara mbili kwa siku, kwa dakika chache zilizokadiriwa, kisha ifungwe. Hapa pahitaji busara, maana saa inayofaa habari haifai wateja. Muuzaji anayefungua jumbe za wateja mara moja kila saa huongeza kwa wastani dakika 30 za kungoja kabla ujumbe haujaonekana. Ni afadhali atenge vipindi vya kujibu wateja tu, na nje ya vipindi hivyo aweke jibu la moja kwa moja linaloeleza saa atakayorudi. Mteja anayejua saa ya kujibiwa hapigi hodi mara tatu, na kila hodi isiyopigwa ni ujumbe uliopungua katika F.

Anayeweka kumbukumbu za wateja, ziwe katika simu au daftari, akumbuke kwamba majina na namba za watu si mali ya kugawa. Nchini Kenya jambo hili husimamiwa na sheria ya mwaka 2019, na nchini Tanzania na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

5. MIPAKA YA NJIA HIZI

Kila chujio hupitisha kitu na kuzuia kingine, na hutokea kizuiliwe kilicho chema. Mwenye orodha fupi aweza kupitwa na mtindo mpya ulioanza kwa watu asiowafuata. Kwa hiyo yafaa atenge siku moja katika mwezi ya kutazama nje ya orodha yake na kuirekebisha.

Isitoshe, utaratibu hauongezi saa katika siku. Wateja wa kweli wakizidi uwezo, dawa iliyobaki ni kuongeza mkono. Kwa jumbe 19 kwa saa, muuzaji mmoja mwenye uwezo wa 20 huwaweka wateja kwa wastani wa saa nzima. Akipata msaidizi mwenye uwezo kama wake, na wote wawili wakichukua jumbe kutoka foleni moja, wastani hushuka hadi dakika 4 hivi. Kwa hiyo, kabla ya kusema kwamba biashara haiwezi kumlipa msaidizi, ni vyema kuhesabu wateja waliokwenda zao.

HITIMISHO

Mafuriko ya habari hayatokani na udhaifu wa mtu. Hutokea pale vitu viwili vyenye asili tofauti vinapowekwa pamoja: mtiririko uliopangwa ili umshike mtazamaji, na foleni ya watu wanaotaka kuhudumiwa. Mtiririko hauna mwisho wala haukusudiwi kuisha, hivyo huchotwa kwa kipimo. Foleni ina watu ndani yake, hivyo huhudumiwa kwa zamu na kwa haki. Mfanyabiashara anayevitenganisha hivi viwili hahitaji kuikimbiza simu yake. Kalamu, karatasi na hesabu ya kutoa na kugawanya humtosha kuanza.

MAZOEZI

1. Fundi wa redio aweza kuwajibu wateja 12 kwa saa. Tafuta muda wa wastani wa mteja iwapo wanaouliza ni 6, 9 na 11 kwa saa. Chora grafu ya matokeo na ueleze umbo lake.

2. Kwa kutumia kanuni ya Little, tafuta wastani wa idadi ya wateja waliomo katika foleni kwa kila hali ya swali la 1.

3. Jumbe tatu zahitaji dakika 2, 4 na 12. Linganisha wastani wa muda wa kukamilika zikianza fupi na ikianza ndefu.

4. Zungumza na mfanyabiashara mmoja wa karibu anayetumia simu kuuza. Kwa ruhusa yake, hesabu jumbe zinazofika katika saa moja na uzigawe katika aina. Ni aina ipi ingeweza kupunguzwa, na kwa njia gani?

5. Jadilini darasani: je, ni haki kumhudumia kwanza mwenye swali fupi aliyefika nyuma ya mwenye swali refu?

Majibu: (1) Dakika 10, 20 na 60. (2) Wateja 1, 3 na 11. (3) Dakika 8 na theluthi mbili. Dakika 15 na theluthi.